Supu ya soseji ya sufuria moja: utamu unaanzia kitakoni

Mimi kazi yangu ni kupika, na siku nikirudi nyumbani jioni nimechoka hoi hii ndo supu nayoikimbilia, sufuria moja tu na ndani ya dakika 40 hivi tunakula. Wengi wanatumbukiza soseji kwenye maji pamoja na kila kitu afu wanashangaa mbona supu imepooza. Jamani, kuchemsha peke yake hakuleti ladha hii, inaletwa na kukaanga.

Kwa watu wanne chukua soseji mbichi gramu 400, kata vipande vya unene wa kidole. Sufuria iwe na kitako kizito, mafuta kijiko kimoja tu cha chakula maana soseji ina mafuta yake, moto wa wastani. Panga vipande visibanane, ikibidi kaanga kwa awamu mbili, kwa sababu soseji ina maji mengi na vikibanana mvuke unakosa pa kutokea, basi inajichemsha badala ya kukaangika. Ile rangi ya kahawia inataka joto la nyuzi 140 hivi, na penye maji joto linagota kwenye 100, kwahiyo mpaka uso ukauke kwanza. Usigeuze geuze! Dakika 3 huku, 2 kule, toa weka kwenye sahani.

Sasa angalia chini, kuna utando wa kahawia umeganda. Naomba sana usiuoshe, huo ndo supu yenyewe. (Ukiwa mweusi umeungua, hapo osha tu, uchungu wake hautoki.) Tia vitunguu maji 2 vilivyokatwa na chumvi kidogo sana, vitakapoanza kutoa maji kwangua kwa mwiko wa mbao, utando wote unaachia unaingia kwenye vitunguu. Kisha karoti 2 na kitunguu saumu punje 3, dakika moja inatosha.

Tia viazi nusu kilo vya vipande vidogo na maji lita moja na robo, funika, vitokote taratibu dakika 15. Nyanya bado! Hapa ndo wengi wanakosea, asidi ya nyanya inachelewesha viazi kulainika, unaweza kungoja nusu saa kiazi bado kigumu katikati. Viive kwanza ndo utie nyanya 2 zilizosagwa. Afu ponda vipande vitano sita vya viazi kwenye ubavu wa sufuria, wanga wake unaipa supu uzito bila unga wala krimu, mi naona unga unafunika ladha. Ukiwa na maharage yaliyokwisha kuchemshwa tia pia.

Soseji inarudi dakika 5 za mwisho, ikichemka muda mrefu inaacha utamu wote kwenye maji yenyewe inabaki kama mpira. Ila ikiwa mbichi hakikisha imeiva mpaka ndani, nyuzi 71 katikati, ya kuku 74. Spinachi dakika 2 kabla ya kuepua. Chumvi ndo onja sasa, maana soseji imeshatoa ya kwake, na kamulia limao kidogo.

Ikibaki, weka kwenye friji kabla saa 2 hazijapita tangu uepue, inakaa siku 3. Kesho yake utaikuta imekuwa nzito, ongeza maji kidogo uchemshe vizuri. Kwenye friza siiweki, viazi vinakuwa kama mchanga.