Picha, michoro na sanamu za udongo katika ukumbi mmoja: anza na sakafu

Wanaopanga maonyesho ya pamoja kwa kawaida huanza na kuta. Picha za kamera zinapewa ukuta huu, michoro ya rangi ukuta ule, kisha sanamu zinatafutiwa nafasi iliyobaki katikati. Mimi hupanga kinyume. Sanamu ndiyo inayoamua mtu apite wapi na asimame wapi, na pale anaposimama ndipo panapoamua kama ataona vizuri kilichoko ukutani.

Kila aina ya kazi ina umbali wake. Mchoro wenye upana wa mita 1.5 unamtaka mtazamaji arudi nyuma mita 2 hadi 3 ili auone mzima. Picha ya sentimita 20 kwa 30 inamvuta hadi nusu mita. Sanamu inataka kuzungukwa, kwa hiyo iachie sentimita 90 kila upande, na 120 au zaidi ili mwenye kiti cha magurudumu apite bila kuomba njia. Ukiweka stendi ya sanamu mita 2 mbele ya mchoro mkubwa, mtu atarudi kinyumenyume na kuigonga kwa kisigino. Basi kabla ya kufungua boksi lolote, bandika utepe wa karatasi sakafuni kwa kipimo halisi cha kila stendi, halafu tembea ukumbi mzima ukitazama kuta tu. Kila mguu unapokanyaga utepe, stendi hiyo ihame.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa ndipo aina tatu za kazi zinapogombana kweli. Picha za rangi na michoro ya rangi za maji hufifia, na kinachopotea hakirudi. Kiwango kinachokubalika ni luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kazi) 50 hivi. Rangi za mafuta na akriliki zinastahimili hadi 200. Udongo uliochomwa haudhuriwi na mwanga, kwa hiyo hata 300 ni sawa. Tatizo ni kwamba jicho lililotoka kwenye sanamu yenye luksi 300 litaiona picha ya luksi 50 kama iko gizani. Usiruke moja kwa moja: panga kazi ili mwanga upungue polepole, na sanamu iliyo jirani na picha uishushe hadi 100 au 150. Udongo wa rangi nyeusi au kahawia nzito utataka zaidi kidogo. Kipima mwanga kidogo kinatosha kwa kazi hii. Macho yanadanganya kwa sababu yanazoea haraka.

Taa za ukutani zielekezwe kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa timazi. Ukiisogeza taa karibu zaidi na ukuta, fremu inatupa kivuli juu ya picha na kila tuta la rangi nzito linaonekana kama mlima. Ukiipeleka mbali sana, mtu anasimama kwenye kivuli chake mwenyewe, na kioo kinaanza kumulika. Sanamu haitaki taa moja ya juu: macho ya uso wa udongo yanageuka mashimo meusi. Ipe taa mbili za ubavuni, moja kali na nyingine hafifu, ili umbo libaki na kivuli chake. Na usichanganye balbu za manjano na za buluu. Michoro huficha kosa hilo, lakini picha nyeusi na nyeupe zilizopangwa mstari mmoja zitakuumbua mara moja.

Kioo kina ugomvi mwingine. Picha yenye giza ndani ya fremu ni kioo cha kujitazamia, na stendi nyeupe iliyomulikwa upande wa pili itaonekana humo kuliko picha yenyewe. Kabla ya kutoboa ukuta, washa taa, shikilia fremu mahali pake, simama inapopaswa kusimamwa. Ukiona stendi au dirisha ndani yake, badilisha mahali. Hapo mchoro usio na kioo unafaa zaidi. Hakikisha pia picha haigusi kioo: kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha iwe katikati. Unyevu ukiingia, uso wa picha hulainika na kunata kwenye kioo, na kuubandua ni kuuharibu.

Kutundika ni hesabu. Chagua kimo kimoja cha katikati ya kila kazi kutoka sakafuni, sentimita 145 hadi 150, kitumike ukumbi mzima. Chukua kimo hicho, ongeza nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kutoka juu ya fremu hadi waya ukiwa umevutwa. Fremu ya sentimita 80 ambayo waya wake uko 8 chini ya ukingo: 150 + 40 − 8, ndoano inakaa 182. Kosa la kawaida ni kupima waya ukiwa umelegea; kazi zote zinaishia chini ya mstari, kila moja kwa kiasi chake. Tumia ndoano mbili badala ya moja, fremu haitapinda mlango unapogongwa. Picha za mfululizo mmoja ziachane sentimita 5 hadi 8. Kati ya msanii na msanii acha nusu mita au zaidi, la sivyo msomaji wa vibandiko atampa huyu kazi ya yule.

Stendi ndefu nyembamba ni hatari. Ikiwa kimo chake ni mita moja na kitako sentimita 25, weka mfuko wa mchanga wa kilo 20 ndani yake, chini kabisa. Nta ya kushikiza sanamu ni nzuri kwa udongo uliopakwa gilezi (tabaka la kung'aa kama kioo), ila udongo mwekundu usio na gilezi hufyonza mafuta na kubaki na doa. Tanguliza karatasi ya plastiki. Muulize mfinyanzi kama kazi imechomwa tanurini. Ambayo haijachomwa haipanguswi kwa kitambaa chenye maji hata kidogo, vumbi litolewe kwa brashi laini. Ibebe kwa mikono miwili chini ya kitako, usiishike shingo wala mkono, na usivae glovu za pamba, zinateleza.

Mpango huanza na sanamu, lakini zenyewe ziingie mwisho, baada ya ngazi na vumbi la drili kuondoka. Maonyesho yakiisha na kazi zikiondolewa, zitoke kwanza. Michoro ya akriliki isifungwe kwa nailoni ya viputo moja kwa moja: rangi hiyo hubaki na ulaini, na viputo huacha alama za duara zisizotoka. Weka kwanza karatasi ya silikoni juu ya rangi, kisha nailoni, viputo vikitazama nje.