Uzito Usipopungua, Je, Mazoezi Yamepotea Bure?
Wapo wengi wanaoanza mazoezi kwa bidii, wakapanda mizani baada ya wiki kadhaa na kukuta uzito ni ule ule, kisha wakaacha kwa kuamini kwamba hawajafaidika chochote. Dhana hiyo si sahihi, kwani mizani haipimi sukari wala shinikizo la damu.

Msuli unapofanya kazi, seli zake husogeza kwenye utando wa nje protini maalumu zinazoingiza sukari kutoka katika damu, na jambo hili hutokea hata pale ambapo mwili hauitikii ipasavyo insulini, yaani homoni inayosaidia sukari kuingia kwenye seli. Mazoezi yakiisha, mwili huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi. Ndiyo maana wenye kisukari cha aina ya pili hushauriwa wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, bila kushikilia tena sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie dakika 10. Hata kupanda ngazi, ambako wengi hukudharau, kunahesabika.

Chakula nacho ni vivyo hivyo: kupunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku husaidia kushusha shinikizo la damu, hata kama kiuno hakijapungua. Kwa mwenye unene uliopindukia, bila shaka, kupunguza uzito kuna manufaa yake ya ziada.