Majivu ya makaa ya mawe kando ya mto: hatari inakuja kwa chini

Kazi yangu ni maji yaliyo chini ya ardhi. Natoboa visima vidogo vya uchunguzi, napima kina cha maji, napeleka chupa maabara. Kwa hiyo nikisikia wanaopinga majivu ya makaa ya mawe kando ya mto wao wakiambiwa kwamba wana hofu tu, roho inaniuma. Kwenye mto Middle Fork, tawi la Vermilion katika jimbo la Illinois, Marekani, wenyeji waliusoma mto wao sawasawa.

Mwaka 1989 kilomita 27 hivi za mto huo ziliingizwa kwenye orodha ya taifa ya mito inayolindwa kwa mandhari yake. Illinois nzima haina mwingine. Ukingoni palikuwa na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 2011, ukaacha mashimo matatu yenye majivu ya kama mita za ujazo milioni 2.5.

Makaa yakiungua, kaboni huondoka na madini yaliyokuwamo hubaki yamejikusanya kwenye majivu: aseniki, boroni, seleni na mengineyo. Mitambo ya zamani iliyachanganya majivu na maji, ikayasukuma kwa bomba hadi shimoni, na mara nyingi shimo lenyewe halikutandikwa kitu chini.

Waliopita Middle Fork kwa mitumbwi waliona maji ya rangi ya chungwa yakichuruzika kutoka ukingoni. Rangi hiyo ni chuma. Maji ya ardhini yasiyo na oksijeni huyeyusha chuma, na yakikutana na hewa chuma hugeuka kutu. Wakati mwingine juu yake hutanda utando unaong'aa kama mafuta. Mimi huuchokoza kwa kijiti: ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba, ni kazi ya bakteria wa chuma, ukijirudi na kuungana, hayo ni mafuta kweli.

Lakini chuma peke yake hakithibitishi kitu, maana hata kinamasi kisafi kinaweza kutoa kutu. Ninachokitafuta mimi ni boroni. Hainasi sana kwenye udongo, husafiri karibu kwa mwendo wa maji yenyewe, kwa hiyo hutangulia sumu nyingine. Kisima kilicho upande maji yanakotoka kikiwa na boroni kidogo, na kilicho kati ya shimo na mto kikiwa nayo tele, jibu limepatikana.

Mwenye mtambo alitaka kuyafunika majivu yabaki palepale. Kifuniko huzuia mvua, hilo nalikubali. Ila majivu yaliyo kwenye bonde la mafuriko huloweshwa pia kutoka chini na ubavuni: mto ukijaa, maji ya ardhini hupanda hadi ndani ya majivu, na mto ukipungua, hurudi mtoni yamebeba yalichoyeyusha. Ni kama kuezeka upya nyumba ambayo maji yanaingilia sakafuni.

Isitoshe, mto hautulii. Kwenye kona, mkondo hula ukingo wa nje mwaka baada ya mwaka. Middle Fork ukingo uliwahi kukingwa kwa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, na mto ukavila. Majivu yakiachwa palepale yatakaa milele, na hakuna ukuta wa mawe ninaoweza kuutia sahihi kwa muda huo.

Mfano wa mambo yakiharibika upo. Tarehe 2 Februari 2014, huko North Carolina, bomba la maji ya mvua lililopita chini ya shimo la majivu lilipasuka, na tani zipatazo 39,000 zikaingia mto Dan. Shimo lilitobokea chini, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayepita kwa miguu.

Wenyeji wa Illinois hawakuishia kulalamika. Walijaza mikutano, wakadai vipimo viwekwe wazi. Mwaka 2019 jimbo likapitisha sheria ya majivu ya makaa ya mawe, na mwaka 2021 mwenye mtambo akakubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo kwamba majivu yataondolewa kwenye mashimo hayo.

Nawasihi wasiache kudai takwimu za visima. Boroni iliyokwisha kuingia ardhini haiondoki na lori la mwisho, na vipimo vya ukingoni lazima viendelee kusomwa miaka mingi baada ya shimo kuwa tupu.