Mtoto amekunywa Dettol: maswali ya wazazi

Mtoto anawezaje kunywa kitu chenye harufu kali vile?

Ikiwa chupani, Dettol ina rangi ya asali. Itie kwenye maji: papo hapo inakuwa nyeupe kama maziwa. Mama ameikoroga kikombeni amsafishe kaka mtu kidonda, ameinuka kuchukua pamba, na mdogo wa miaka miwili ameona maziwa yake mezani. Spiriti na haidrojeni peroksaidi, nazo za kusafishia vidonda, kwa kawaida hazina rangi. Ukizimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata mtu mzima mwenye kiu usiku atapiga funda. Nawasihi, dawa ibaki kwenye chupa yake.

Nimtapishe?

Hapana! Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi. Dawa imemchoma koo ikishuka, itamchoma tena ikipanda, na safari hii inaweza kupotea njia ikaingia mapafuni. Kwa Dettol hiyo ndiyo hofu kubwa. Ina mafuta ya msonobari na alikoholi, humlegeza mtoto, na mtoto aliyelegea akitapika hupaliwa kirahisi.

Bibi anasema maziwa yanaua sumu.

Shikamoo bibi, lakini sumu hii hayaiui, na tumbo likijaa, matapishi huja upesi. Msukutue mtoto, ateme, umfute midomo, umvue nguo zilizolowa. Kama yu macho na anameza vizuri, funda moja mbili za maji zinatosha.

Mbona anacheza tu, bado twende hospitali?

Nendeni. Spiriti ya vidonda huwa na alikoholi kama asilimia 70, bia ya kawaida haifiki hata 10. Mtoto huchangamka kwanza, baadaye sukari mwilini inashuka, hasa kama hajala; anasinzia, anaweza kupata degedege. Akikohoa, akitokwa udenda au akihema kwa shida, hiyo ni dharura. Akisinzia njiani, mlaze ubavu.

Twende na nini?

Chupa yenyewe, na lebo yake. Dettol ina kloroksilenoli. Savlon, dawa nyingine ya kusafishia vidonda, ina setrimaidi na kloroheksidini, na daktari hawezi kukisia kwa kusikia tu “dawa ya vidonda”. Mwambie pia saa aliyokunywa, na dawa ilikuwa imefika wapi chupani asubuhi.