Kasi ya mausi kwenye darubini haifuati digrii

Kwenye saiba za Kondele, Kisumu, utaambiwa hesabu ya kufanya mausi ihisike sawa ukiwa kwenye darubini ni nyepesi: mchezo wa Counter-Strike huonyesha upana wa digrii 90, darubini ya AWP, bunduki ya kulenga mbali, inashusha hadi 40, basi zidisha kasi ya mausi kwa 40/90, yaani 0.444. Mchezo wenyewe hufanya hivyo, ndiyo maana wengi wanaamini.

Tatizo ni kwamba skrini ni bapa. Ukubwa wa picha hufuata tanjenti ya nusu ya pembe: tan 20 ni 0.364, tan 45 ni 1. Kwa kuwa mchezo tayari umezidisha kwa 0.444, gawa 0.364 kwa 0.444, upate 0.819, hiyo ndiyo ya kuweka kwenye mpangilio wa kasi ya darubini. Ukivuta mara ya pili, digrii 10, jibu hugeuka 0.787, na mchezo unapokea namba moja tu. Mimi ningebaki na 0.819. Ulinganifu wenyewe wa mkono na picha ni wa pale katikati, kwenye alama ya shabaha. Pembeni mwa skrini mkono bado utakisia.