Kilatini Hakiji na Askofu Mkuu

Jumapili, Misa ya pili ilipokwisha, nilikuwa nakusanya vitabu vya waimbaji. Kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, akanijia na simu mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Umeiona hii? Papa kateua askofu mkuu wa kimapokeo huko Brussels. Kilatini kinarudi." Mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliyekuwa akikunja vitambaa vya altare akadakia: "Na padre atatupa mgongo, kama enzi za mama yangu."

Habari yenyewe ni ya Januari 2010, inazungushwa kwenye makundi ya simu kama ya jana. Lakini hata ingekuwa ya jana, ningejibu vilevile. Nafundisha liturujia kwa makatekista na waimbaji huku Mtwara, na maneno hayo, "Kilatini kinarudi", nimeyasikia Mikindani, nimeyasikia Ndanda, nimeyasikia ndani ya basi la Masasi. Kila mahali popote duniani panapopata askofu mkuu anayeitwa wa kimapokeo, narudia somo lilelile. Safari hii naliandika.

Tuanze na huyo wa Brussels. Tarehe 18 Januari 2010 Papa Benedikto XVI alimteua André-Joseph Léonard, aliyekuwa Askofu wa Namur tangu 1991, kuwa Askofu Mkuu wa Mechelen-Brussels baada ya Kardinali Godfried Danneels. Kelele zikaanza. Laurette Onkelinx, naibu waziri mkuu wa Ubelgiji wakati huo, alieleza wasiwasi wake hadharani. Sasa tazama wasiwasi huo ulihusu nini. Ubelgiji ilikuwa imeruhusu utoaji mimba mwaka 1990, ikaruhusu daktari kumfisha mgonjwa anayeomba kufa mwaka 2002, ikaruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2003. Léonard alisema wazi kwamba mafundisho ya Kanisa hayakubaliani na hayo. Tena kule serikali ndiyo inayowalipa mapadre mishahara, kwa hiyo uteuzi wa askofu mkuu hauwapiti wanasiasa. Ugomvi ulikuwa juu ya maadili na sheria za nchi. Alipoachia ngazi mwaka 2015 na Jozef De Kesel akashika nafasi yake, Wakatoliki wa Brussels walikuwa wakisali kwa Kifaransa na Kiholanzi kama alivyowakuta.

Tatizo kubwa ni neno lenyewe, "kimapokeo". Mtoto wa Komunyo ya kwanza anafundishwa kwamba Neno la Mungu linatufikia kwa Maandiko Matakatifu na Mapokeo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, uliliandika hilo mwaka 1965 katika hati ya Dei Verbum. Kwa maana hiyo hakuna askofu asiye wa kimapokeo. Akiyakana Mapokeo, ameukana uaskofu wake. Magazeti yanalichukua neno hilohilo na kuwabandika watu wa aina tatu: mwenye msimamo mkali juu ya maadili, mpenda Misa ya zamani ya Misale (kitabu cha sala za Misa) ya 1962, na aliyekataa Mtaguso. Hawa si ndugu wa tumbo moja. Wa aina ya tatu anayejulikana zaidi ni Marcel Lefebvre, ambaye kabla ya yote hayo alikuwa Askofu Mkuu wa Dakar, hapa hapa Afrika, hadi 1962. Tarehe 30 Juni 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, na Roma ikatangaza kwamba amejitenga na ushirika wa Kanisa. Kumtia Léonard, aliyestaafu akiwa katika utii kwa Roma, kapu moja na Lefebvre ni kumsingizia mtu.

Na huku kwetu kuna maana ya nne. Mzee mmoja wa Newala, aliposikia redioni habari za "askofu wa jadi", aliniuliza kama sasa Kanisa litaruhusu jando. Sikumcheka. Katika upande huu wa nchi, ukisema jadi, watu wanasikia jando na unyago. Vincent Lucas, askofu Mwanglikana wa Masasi kuanzia 1926, alihangaika miaka mingi kutafuta namna jando liingie katika maisha ya Kikristo bila kuiharibu imani. Swali la mzee lilikuwa zito kuliko la yule kijana wa simu.

Kuhusu mamlaka nitakwenda haraka. Askofu mkuu si mkubwa wa kazi wa maaskofu wenzake. Majimbo ya Mtwara na Lindi yako chini ya Jimbo Kuu la Songea, lakini kanuni ya 436 ya Sheria za Kanisa inampa Askofu Mkuu wa Songea kazi ya kuangalia kwamba imani na nidhamu zinatunzwa, na kumjulisha Papa penye kasoro. Kuongoza ndani ya jimbo la mwenzake hawezi, isipokuwa pale sheria inapotaja. Tafsiri ya Misale ni kazi ya Baraza la Maaskofu, yaani TEC kwa upande wetu, na Roma inaithibitisha. Misale ya 1962 nayo ina milango yake. Tangu Traditionis custodes, hati ya Papa Fransisko, 16 Julai 2021, ruhusa inatolewa na askofu wa jimbo. Februari 2023 Roma ikakaza zaidi: kutumia kanisa la parokia kwa Misa hiyo, au kumruhusu padre aliyepata daraja baada ya hati ile ya 2021, kunahitaji kibali cha Roma yenyewe. Sasa huyo askofu mkuu mnayemwogopa atapitia wapi?

Nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote. Watu wanaamini Mtaguso ulikifukuza Kilatini. Wanaamini hivyo hata walimu wa dini, hata mapadre wawili watatu niliowahi kukaa nao mezani. Someni. Sacrosanctum Concilium, hati ya Mtaguso juu ya liturujia, ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963, kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Aya ya 36 inasema Kilatini kihifadhiwe, kisha inafungua mlango ili lugha za watu zipewe nafasi pana zaidi. Aya ya 54 inataka waamini waweze kusema au kuimba pamoja, hata kwa Kilatini, sehemu za Misa zinazowahusu. Aya ya 116 inaupa uimbaji wa Kigregori, ule wa kale wa Kilatini, nafasi ya kwanza. Hayo ni maneno ya Mtaguso wenyewe.

Halafu kuna Misale ya Papa Paulo VI, iliyoanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, 30 Novemba 1969. Iliandikwa kwa lugha gani? Kilatini. Tunachosoma sisi altareni ni tafsiri yake. Padre yeyote akitaka kesho asubuhi kuiadhimisha kwa Kilatini, kanuni ya 928 inamruhusu, na haombi kibali kwa mtu. Kwa hiyo "Misa ya Kilatini" na "Misa ya zamani" ni vitu viwili. Nimeandika hivyo ubaoni mara nyingi, nimepigia mstari, na mwisho wa kozi bado kuna mtu anauliza kama Tantum ergo, wimbo wa Kilatini tunaoimba wakati wa kuabudu Ekaristi "imesharuhusiwa tena". Haikuwahi kukatazwa!

Na upande wa pili wa kosa hilohilo: watu wanafikiri kabla ya 1969 Kiswahili kilikaa nje ya mlango wa kanisa. Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, na Ndanda mwaka 1906, baada ya Nyangao kuchomwa katika Maji Maji. Tangu mwanzo walihubiri kwa Kiswahili na kufundisha watu tenzi za Kiswahili. Sala za padre altareni ndizo zilizokuwa kwa Kilatini. Baada ya Mtaguso, Kiswahili kilichokuwa kimeenea kwenye mabenchi kikapanda altareni.

Mama wa WAWATA nilimjibu kwa mfano wa jirani zake. Anaishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Imamu anaposwalisha, anaelekea kibla pamoja na wote walio nyuma yake, na hakuna hata mtoto Mtwara anayesema imamu kawapa watu mgongo. Wanaelekea upande mmoja. Padre wa zamani naye alielekea altare pamoja na waamini, na makanisa mengi yalijengwa yakitazama mashariki, kunakochomoza jua, kwa kumngoja Kristo. Mtaguso wenyewe haukuandika neno juu ya kugeuza altare. Agizo la Roma la mwaka 1964 ndilo lililosema altare itengwe na ukuta, ili padre aweze kuadhimisha akiwaelekea watu. Aweze. Mimi naipenda hali ya sasa, naona nyuso, naona mkate ukimegwa. Lakini kuita ya zamani dharau ni kuwaonea waliosali hivyo karne nyingi.

Hapa nina mashaka ambayo siyaweki kwenye vitini vya kozi. Nimekaa na wazee waliosoma shule za misheni, wanaimba Kyrie na Gloria za Missa de Angelis, Misa ya Kigregori, pamoja na Credo, kutoka kichwani, na wanajua ni wakati gani wa kupiga goti na kwa nini. Kisha nawauliza waimbaji wangu "Mwanakondoo wa Mungu" inaimbwa kusindikiza tendo gani, na wananitazama tu. Wanaelewa kila neno, ila kumegwa kwa mkate kunawapita. Zamani nilifundisha kwa sauti ya juu kwamba lugha yetu imemaliza suala la waamini kushiriki. Siku hizi sauti imeshuka. Wala sitamani kurudi kwa bibi yangu, aliyesali rozari mwanzo hadi mwisho wa Misa kwa kuwa hakuna aliyemweleza kinachoendelea.

Na aya ya 54 nimeiruka miaka yote. Nilikuwa naitaja na kupita, eti muda hautoshi. Kwa hiyo nikimkasirikia yule kijana, sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi niliyemfundisha.

Nimemwambia aje Alhamisi kwenye mazoezi, aje na simu yake arekodi. Tunaanza na Sanctus, yaani "Mtakatifu", ya Misa hiyohiyo ya de Angelis, mstari kwa mstari. Bibi mmoja wa Chikongola, aliyejifunza Ndanda akiwa msichana, amekubali kuja kutusahihisha matamshi. Ametoa sharti moja tu: tuanze saa tisa kamili, awahi kurudi kabla ya giza.