Anatapika damu, na ini lake linafanya kazi

Kijana mvuvi kutoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliletwa akiwa ametapika damu usiku kucha. Nyumbani walishaamua kwamba ni vidonda vya tumbo, na dawa za vidonda alikuwa amezimeza miezi kadhaa. Macho yake hayakuwa ya manjano, tumbo halikujaa maji, pombe hanywi. Nilipompapasa chini ya mbavu za kushoto, nilikuta bandama imeshuka hadi usawa wa kitovu.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, bandama ya namna hiyo kwa mtu anayetapika damu hunifanya niwaze kwanza kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo unaompata mtu anayeingia maji ya ziwa yenye vimelea. Minyoo yake hukaa kwenye vena za utumbo. Mayai husombwa na damu hadi ndani ya ini, yananasa kwenye vijishipa, na makovu yanajijenga kuvizunguka. Seli za ini zinabaki nzima, ila damu inakosa pa kupita. Basi inachepuka kupitia vena za sehemu ya chini ya umio, yaani mrija wa chakula, ambazo ni nyembamba mno kwa presha ile. Ini lililosinyaa kwa hepatitisi B au pombe huishia palepale, tena kwa hatari zaidi: mgonjwa wa ini la namna hiyo damu yake haigandi vizuri, na bakteria humvamia upesi. Yeye hatukosi kumpa antibayotiki.

Damu ya kuongezewa tunaitoa kwa kiasi. Tunalenga himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ya gramu 7 hadi 8 kwa desilita, kwa sababu ukimjaza kupita hapo presha inapanda na mshipa unafunguka upya. Akitulia, kamera ya kuchungulia umio na tumbo iingie ndani ya saa 12.

Ndani ya umio naangalia mambo mawili, unene na rangi. Vena inayozidi milimita 5 ni kubwa. Ikiwa na michirizi myekundu juu yake, kama ngozi iliyochapwa fimbo, iko karibu kupasuka. Kwa kijana huyu niliona na kitu cha tatu: kichunusi cheupe juu ya vena. Ni kizibo kilichojifunga pale damu ilipotokea, na kinang'oka kirahisi sana. Nilifunga hapohapo mpira wa kwanza, wa kuikaba vena isivuje, kisha mingine mitatu.

Atarudi kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka vena zikauke, huku akimeza propranolo, dawa ya kushusha presha ndani ya vena hizo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, nayo atapewa. Itaua minyoo, lakini vena zilizokwisha kuvimba haitazifanya zinywee.

Kesho yake kaka yake alikuja kumwona. Wanavua mtumbwi mmoja. Nilimwomba apande kitandani, nimpapase na yeye.